Fundi wa Vitanda Laini

Kazini kwake walimwita Mama Kitanda, na mgeni aliyelisikia jina hilo kwa mara ya kwanza alidhani anauza magodoro, au kama ana mawazo ya vichochoroni, alidhani mengine kabisa. Wala hakuwa muuza chochote. Alikuwa fundi wa maabara, na kazi yake kubwa ilikuwa kuzitandikia seli mahali pa kukaa. Alichukua mikia ya panya waliokwisha kutumika kwa utafiti mwingine, akaichana kwa kisu kidogo, akavuta zile kano nyeupe zinazong'aa kama uzi wa kushonea, akaziloweka kwenye asidi dhaifu mpaka zikawa ute mzito. Ute huo ndio kolajeni, ile protini inayoshikilia ngozi na mifupa ya kila mnyama, wewe na mimi tukiwamo. Aliuondolea ukali, akaumimina chini ya visahani vya plastiki, akauacha kwenye kabati la joto ugande.

Juu ya utando huo ndipo zilipowekwa seli za ngozi, zilizotolewa kwenye viinitete vya vifaranga ambavyo bado vilikuwa ndani ya mayai. Maabara ile ilikuwa inatafuta kujua ngozi changa inavyojijenga, ili siku moja watu walioungua wapate nafuu. Lakini kabla seli haijakufundisha lolote lazima ikubali kukaa, na seli ya kiinitete ni mgeni mwenye masharti. Huko ilikotoka ilikuwa imezungukwa na wavu wa protini, nayo ina vishikio mwilini mwake, mfano wa viganja, inavyovitumia kuukamata wavu ule. Kuihamisha, lazima kwanza uimwagie dawa ya kukata vishikio hivyo. Hapo hujikunja ikawa kama punje ya mtama na kuanza kuelea. Isipopata upesi mahali pengine pa kushika, basi hata uizungushie sukari, chumvi na chakula cha kila namna, hujimaliza yenyewe. Haiumwi na wala hakuna aliyeidhuru, imekosa tu pa kushika.

Haya Mama Kitanda aliyajua kwa miaka mingi, na aliwaeleza wanafunzi huku akitafuna karanga nje ya mlango, kama mtu anavyoeleza kwamba maji yakipata moto huchemka. Hayakuwahi kumnyima usingizi. Kilichokuja kumnyima usingizi ni mama yake mzazi.

Huyo mama yake alikuwa mshona nguo aliyestaafu, mwanamke mwembamba mwenye sauti nene, na aliishi peke yake katika nyumba aliyojenga na marehemu mumewe. Kusema aliishi peke yake ni kosa kidogo, maana aliishi na ugomvi. Jirani yake wa ukutani alikuwa na mfereji wa bati uliomwaga maji ya paa moja kwa moja kwenye ukuta wa huyu bibi, na kwa sababu hiyo bibi alimbatiza jina la Mama Mfereji. Walikuwa wamegombana tangu watoto wao wanatambaa. Mvua ikianza kunyesha, bibi alikaa dirishani akitunga maneno, na kulipokucha aliyapeleka ng'ambo yakiwa ya moto. Mama Mfereji naye hakuwa wa kusemwa akanyamaza. Majirani wengine walizima redio ili wasikilize.

Kisha bibi akateleza mlangoni mwa bafu, akavunjika nyonga. Alipasuliwa, kidonda kikaingia wadudu, wadudu wakaingia kwenye damu, na daktari mmoja akawaita watoto wawili wa bibi kwenye korido akawaambia wajiandae. Kaka mkubwa, mwenye duka la vipuri vya magari, ni mtu wa kujiandaa mapema kwa kila jambo. Hati ya nyumba ilikuwa kwa jina lake tangu baba yao alipofariki, na mnunuzi alikuwa tayari amekuja kuipima kwa macho. "Dada, hospitali inatunyonya, na mama ndiyo hivyo tena," alisema. "Tusije tukazika na kukopa." Alitaka sahihi ya dada yake, asije akalaumiwa peke yake. Mama Kitanda aliiweka palepale koridoni, karatasi ikiwa imebanwa ukutani kwa kiganja cha kaka, machozi yakimtoka kiasi kwamba hakuona anapoandika.

Wiki hiyohiyo bibi akafumbua macho, akauliza kama katika hospitali hii chai ni haramu.

Hebu fikiri hali yao. Watoto wazima wawili wamesimama miguuni pa kitanda, mmoja anamwangalia mwenzake, na wote wanamshukuru Mungu huku jasho likiwatoka mgongoni. Walikuwa wameuza nyumba ya mtu aliye hai. Maji yakimwagika hayazoleki, na mnunuzi alikuwa ameshabadilisha kufuli. Ndipo kaka akatoa azimio lake kwenye ngazi za hospitali. "Asijue. Moyo wake hautahimili. Mpeleke kwako, mbembeleze, kila atakachosema sema ndiyo. Akiuliza nyumba, mwambie akipona atarudi." Mama Kitanda alikubali.

Chumba walichompa kilikuwa kizuri kuliko chao wenyewe. Mume wa Mama Kitanda, fundi wa mafriji, mtu wa utani na mikono mikubwa, alibeba kitanda chao cha ndoa mpaka humo na yeye akahamia kwenye godoro la chini, akisema kwamba sasa akianguka usingizini hana mbali pa kufika. Dirisha liliwekwa pazia jipya. Chakula kililetwa kabla hakijaombwa. Bibi akisema joto, dirisha lilifunguliwa, na akisema baridi, lilifungwa. Akitaka kuchambua mboga walimwambia, "Pumzika, mama." Akitaka kushona kifungo, sindano ilichukuliwa mkononi mwake kwa upole.

Mwanzoni bibi alipigana. Siku moja alikung'uta shuka lake, shuka la bluu ambalo hata kipofu angelijua, akasema, "Hili shuka la kijani silipendi."

"Kweli mama, la kijani halipendezi," alisema mkwe wake. "Tutalibadilisha."

Bibi alimwangalia kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia binti yake. "Na wewe unaliona la kijani?"

"La kijani, mama."

Bibi akajilaza, akafunga macho. Kuanzia hapo hakulalamika tena juu ya kitu chochote, na wajinga wale wawili wakaambiana jikoni kwamba mgonjwa ameanza kutulia.

Hakuwa ametulia. Alikuwa anapungua. Uji aliuacha nusu, kisha robo tatu. Magoti aliyakunja mpaka karibu na kidevu, akalala kwa ubavu, na kila ukiingia unamkuta hivyohivyo, mdogo kuliko jana. Muuguzi aliyekuja kumtazama nyonga alimgonga hapa na pale, akamsimamisha, akamwona anasimama, akamlaza tena. "Mfupa umeunga," alimwambia Mama Kitanda mlangoni. "Kidonda kimefunga, damu ni safi. Sina cha kutibu hapa. Huyu bibi ameamua tu kuondoka, na kwa mwendo huu hatachelewa."

Mama Kitanda alienda bafuni, akafungulia bomba ili asisikike, akalia. Lile jambo la bafuni na bomba lilikuwa limeshakuwa desturi yake, na mumewe alikuwa ameacha kuuliza kwa nini maji yanaisha.

Sasa, huyo Mama Mfereji alikuja. Alikuja kwa miguu, mwanamke mnene aliyepanda ngazi zote zile za ghorofa yao kwa kuhema, na ndizi kwenye mfuko. Mama Kitanda alimkuta nje ya mlango, akausogeza mlango nyuma yake.

"Nimekuja kumwona mgonjwa."

"Amelala, mama."

"Mchana wote huu?"

"Dawa zinamlaza."

Mama Mfereji alimwangalia kwa jicho la mtu aliyezoea kusikiliza kupitia ukutani. "Mwanangu, sikuja kwa shari. Hao mliowauzia wamebomoa ukuta, na mfereji wangu wameung'oa, wala hawakunisalimia. Mama yako alinitukana miaka yote hiyo, lakini hakuwahi kunigusia bati langu. Nataka nimwambie."

Huyu akiingia, siri imekwisha. Mama Kitanda alipokea ndizi kwa mikono miwili, akashukuru sana, akasema atazifikisha salamu, akasimama palepale mlangoni mpaka mgeni akaona aibu akashuka.

"Nani huyo?" bibi aliuliza kutoka chumbani.

"Msoma mita ya maji, mama."

"Na Mfereji? Hajaniulizia?"

"Hajaja."

"Hata yeye," alisema bibi. Akageukia ukutani, na siku ile hata uji wa robo hakunywa.

Mtu mwenye mzigo wa aina hii hauachi nyumbani anapofunga mlango. Kule maabara nako mambo yalianza kwenda mrama. Seli zilikuwa hazikai. Mama Kitanda alizimwaga kwenye visahani asubuhi, na akizitazama kwa hadubini alizikuta zimejikunja, punje punje, nyingine zimeshaanza kuelea na kuchanika. Alipoona hivyo, alifikiri kama alivyozoea kufikiri siku hizo: kwamba kitanda ni kigumu, kinaziumiza. Ni changa, zimetoka kwenye yai, zimekatwa vishikio, zinahitaji huruma. Basi akaupunguza uzito wa ute, akaongeza maji. Zilipozidi kufa, akaulainisha tena. Mwishowe utando wake ulikuwa mwororo kiasi kwamba ukigusa kisahani unatikisika kama maziwa ya mgando. Seli zote zikafa juu yake.

Fundi mwingine yeyote angelirudi kwenye kipimo cha kawaida. Lakini Mama Kitanda alikuwa ameshasahau kwamba kuna kitu kinachoitwa kulainisha kupita kiasi, na wala hakumwambia mtu, maana aliona haya. Kazi ya wanafunzi ya mwaka mzima ilikuwa inaozea kwenye kabati la joto.

Mkuu wa maabara alikuwa daktari mmoja mwanamke, mrefu, mwenye miwani aliyoifunga kwa kamba, na maneno machache. Hakumfokea. Alikiinua kisahani kimoja, akakitikisa kidogo, akaona kinavyotetemeka, akakirudisha mezani.

"Mama Kitanda, hiki nini?"

"Nimewatandikia laini, daktari. Niliona wanateseka."

Daktari alivua glavu, akamshika mkono, akamtoa mpaka koridoni, mahali pana nafasi. Akanyoosha mikono yake miwili. "Nishike. Sasa nivute."

Mama Kitanda akavuta. Daktari akamfuata bila ubishi, mwepesi kama kapu tupu, na Mama Kitanda akarudi kinyumenyume, nusura aketi sakafuni. Wanafunzi wawili waliokuwa wakipita walicheka, kisha wakaona uso wa daktari wakaacha.

"Tena."

Safari hii daktari alikaza miguu na hakusogea hata kidogo. Mama Kitanda akavuta, akavuta, na akajikuta amesimama wima, magoti yamenyooka, kifua mbele.

"Umeona?" alisema daktari. "Seli haitaki kubembelezwa. Inapokamata wavu, inauvuta. Ndivyo inavyojua iko wapi na ifanye nini. Wavu nao ukiivuta, seli inajinyoosha, inatandaa, inaishi. Wavu ukifuata tu kila unakovutwa, ni sawa na kushika hewa. Vishikio inavyo, protini ni ileile uliyoitumia siku zote, na bado inaachia na kujikunja. Umewapa kitanda kinachokubali kila kitu. Katandike upya, kwa kipimo cha zamani, wala usiwaonee huruma."

Alirudi ofisini kwake bila kujua amesema nini. Mama Kitanda alibaki amesimama koridoni na mikono yake bado iko mbele, kama mtu aliyeporwa mzigo.

Alitandika upya. Alivuta kano, akapima, akamimina ute, akangoja ugande sawasawa, akaweka seli. Kesho yake alipoinamia hadubini aliziona zimekaa. Zilikuwa zimetandaa, ndefu, zenye ncha, kila moja imejikaza kwenye utando kama mtu aliyeshika kamba ya kisima. Nyingine zilikuwa zimeshaanza kugawanyika. Alizitazama mpaka jicho likamwuma, na wala hakufurahi. Alikuwa anaogopa kwenda nyumbani.

Alimpigia simu kaka yake akiwa kwenye ngazi za nje. "Nitamwambia," alisema.

"Utamwambia nini?"

"Nyumba."

"Dada, una wazimu? Utamuua!"

"Anakufa sasa hivi, kaka. Anakufa mbele yangu na tonge liko mdomoni. Kila akivuta tunamfuata. Hana pa kushika."

"Ndio maneno gani hayo? Ya kwenye chupa zenu hizo? Mama si panya!"

"Najua si panya."

"Ukimwambia, usinitaje."

"Sahihi zipo mbili," alisema Mama Kitanda, akakata simu. Nisikufiche, nusu ya moyo wake iliomba amkute mama yake amelala.

Hakuwa amelala. Alikuwa ubavuni, amekunjamana, jua la alasiri limemwangukia kwenye nywele, uji uko pembeni umeshika utando wa baridi. Mkwe wake alikuwa amekaa kwenye kiti akimsimulia habari za friji fulani ya mwenye baa, na bibi hakuwa anasikiliza. Mama Kitanda akamwomba mumewe atoke. Akatoka, akauacha mlango wazi kidogo, maana alimjua mkewe.

"Mama, kaa, unywe uji."

"Baadaye."

"Si baadaye. Sasa."

Jicho moja la bibi likafunguka. Lilikuwa neno la kwanza gumu kulisikia katika nyumba hiyo. "Nitakunywa nikirudi kwangu," alisema taratibu, kama mtu anayejaribu kizingiti kwa kidole cha mguu. "Nikipona si nitarudi?"

Jibu la siku zote lilikuwa tayari ulimini mwa Mama Kitanda, laini, limezoea njia. Alilimeza.

"Hapana, mama. Hutarudi. Nyumba tumeiuza."

Kule barazani kijiko kilianguka.

"Tumeiuza mimi na kaka. Na Mama Mfereji alikuja kukuona, nikamfukuza mlangoni. Nikakudanganya ni msoma mita."

"Lini?" bibi aliuliza.

"Majuzi."

"Sikuulizi Mfereji. Nyumba."

"Ulipokuwa hospitali."

"Nilikuwa nimekufa?"

"Hapana, mama."

"Nakuuliza, wewe mwanamke. Mlipouza nyumba ya baba yenu, mimi nilikuwa nimeshakufa?"

"Tulidhani..."

"Mlidhani!" Na sauti ile, sauti nene iliyokuwa ikivuka ukuta na mvua, ikakijaza chumba mpaka pazia jipya likaonekana kitambaa tu. Bibi alikamata ubao wa kitanda. Miguu iliyokuwa imekunjwa wiki baada ya wiki ikashuka sakafuni, mmoja, kisha wa pili. Alitetemeka mwili mzima kama injini kuukuu. Mama Kitanda akanyoosha mikono.

"Usiniguse!"

Mama Kitanda akarudisha mikono yake. Ilikuwa ni kazi ngumu kuliko zote alizowahi kuifanyisha mikono hiyo. Mama yake alisimama peke yake, mwembamba ndani ya gauni, akamwangalia usoni.

"Shuka hili ni la bluu," alisema. "Mlidhani nimepofuka pia?"

"La bluu, mama."

"Niletee nguo zangu."

Alimwambia hapana. Alimwambia hana pa kwenda, nyonga bado, ngazi ni ndefu, atakufa njiani na lawama zitamwangukia yeye. Bibi alimjibu kila neno kwa neno lake, na walipigishana kelele mle chumbani mpaka majirani wa juu wakagonga sakafu. Mama Kitanda alisema mambo aliyoyafungia kifuani tangu korido ya hospitali: kwamba aliogopa, kwamba alichoka, kwamba hakuna aliyemwambia cha kufanya. Bibi alisema mambo mabaya zaidi, mengine siyo ya kuandika. Katikati ya ugomvi, pasipo kuangalia, aliuchukua ule uji wa baridi akaunywa wote, kisha akakiweka kikombe chini kwa kishindo na kuendelea kumtukana binti yake.

Mkwe ndiye aliyemshusha ngazi, hatua kwa hatua, kwa sababu mkono wa mkwe aliukubali. "Nikupeleke wapi, mama?" aliuliza huko chini, akitafuta teksi kwa macho.

"Kwa Mfereji," alisema bibi.

Na kwa Mfereji ndiko alikokaa. Watu wa mtaa ule hawakuamini macho yao. Mama Mfereji, mjane aliyekuwa na chumba kisichokaliwa, alimfungulia mlango akamwuliza kama amekuja kuuona mfereji ulivyong'olewa, na kama sasa ameridhika, naye bibi akamjibu kwamba mfereji wenyewe ulikuwa mbovu tangu siku uliponunuliwa. Wakaanzia hapo. Waligombania chumvi ya mchuzi, redio, mlango wa choo, na nani kati yao alianza ugomvi wa kwanza. Kila asubuhi bibi alichukua fimbo yake akaenda kusimama mbele ya nyumba iliyokuwa yake, akahesabu kilichobomolewa, akarudi na hasira mpya na njaa.

Mama Kitanda alikwenda kila mwisho wa juma na chakula kwenye hotipoti. Mama Mfereji alikuja getini peke yake.

"Amesema nikwambie hayupo."

"Yupo wapi?"

"Yupo pale kwenye kiti, anakuona." Mama Mfereji alishusha sauti. "Amenenepa, mwanangu. Ananitesa, lakini amenenepa. Hicho chakula usikiache, atakimwaga, na mimi sipendi kuona chakula kinamwagwa."

Mama Kitanda alichungulia juu ya bega lake. Kivulini mwa baraza aliona umbo limeketi wima, fimbo imesimamishwa kati ya magoti, uso umegeuzwa upande wa pili. Alisalimia kwa sauti. Umbo halikuitika. Alirudi na hotipoti yake, wakala yeye na mumewe chakula kile kwa siku mbili, naye mume hakufanya utani wowote.

Kaka yake hakumsemesha mpaka siku alipopata wito. Hapo ndipo alipompigia simu, sauti imempanda. "Mama ametushtaki! Baraza la ardhi! Unasikia? Mama yetu mzazi! Hii ni kazi yako."

"Nasikia," alisema Mama Kitanda. Na wa kwake ulikuwa umeshafika, umewekwa chini ya mlango.

Siku ya kuitwa, aliomba ruhusa kwa daktari, akavaa nguo aliyokuwa akiivalia misiba, akaenda. Baraza lilikuwa chumba kirefu chenye feni moja iliyochoka na madawati ya upande huu na upande ule. Kaka alikuwa ameshafika, amekaa upande wa kushoto, anajipepea kwa bahasha. Upande wa kulia alikaa mama yao. Mama Mfereji alikuwa karibu naye, shahidi, amemshikia mkoba, na walikuwa wakinong'onezana kwa ukali juu ya nani aliyesahau kuleta kitambulisho.

Mama Kitanda alisimama mlangoni akamtazama mama yake. Mashavu yalikuwa yamerudi. Mgongo haukugusa dawati. Mikono miwili ilishika fimbo, na ukimwangalia usingedhani kwamba huyu ndiye aliyekuwa akilala amekunja magoti mpaka kidevuni. Kitu alichokililia bafuni na bomba likiwa wazi kilikuwa pale mbele yake, kizima, kinapumua. Alitaka kukimbia amshike miguu.

Karani alikuwa akiandika majina. Aliinua kichwa, akamwangalia bibi, akamwangalia mwanamke aliyesimama mlangoni, sura moja, kidevu kimoja.

"Bibi, huyu ni nani wako?"

Mama yake aligeuka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akamtazama machoni bila kupepesa.

"Huyo ni mshtakiwa wa pili," alisema.

Karani akamgeukia Mama Kitanda, kalamu imeinuliwa. "Ni wewe?"

"Ndiyo," alisema Mama Kitanda. "Ni mimi." Akavuka chumba, akaenda kukaa upande wa kushoto, karibu na kaka yake.